Shangazi, niuze mikorosho ya mama nikasome MBA mtandaoni?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Mtwara mjini na mume wangu na watoto wetu wawili. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Mimi ni afisa mradi katika asasi inayochimba visima na kujenga vyoo vya shule wilaya za Masasi na Nanyumbu. Huu ni mwaka wa saba nafanya kazi hii, lakini kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Ikifika Desemba ofisi nzima inakuwa kimya, kila mtu anasubiri kuitwa aambiwe kama yumo au hayumo.

Mwaka jana ilitoka nafasi ya meneja wa mradi. Ofisini wote walijua ni yangu, hata madereva walishaanza kuniita bosi. Niliomba, nikaitwa kwenye usaili, nikajibu maswali yote. Akachukuliwa kijana kutoka Dar es Salaam mwenye shahada ya uzamili. Sina chuki naye. Ni kijana wa adabu, ananiita dada, na akikwama anauliza. Lakini Shangazi, bajeti ya robo mwaka naiandaa mimi, yeye anaweka saini. Mkandarasi akisuasua kule Mangaka, simu inapigwa kwangu. Nilipouliza kwa nini sikupata, niliambiwa mfadhili anataka meneja awe na uzamili, mazungumzo yakaishia hapo.

Nikaanza kutafuta chuo. Nimepata chuo kikuu kimoja cha Marekani kinachofundisha MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara, kwa njia ya mtandao, ikijikita kwenye usimamizi wa miradi. Ni miaka miwili, unasoma bila kusafiri popote, na hakuna mtihani wa kuingilia. Shahada yangu ya kwanza ni ya sosholojia, wakasema haina shida, na wamenipa nafasi. Ada ni dola 15,000, inalipwa kwa muhula. Mshauri wao wa udahili ananiandikia WhatsApp karibu kila siku. Anasema nikilipa muhula wa kwanza kabla ya mwisho wa mwezi ujao napata punguzo, nikichelewa punguzo linaondoka.

Fedha hizo sina. Mshahara wangu bado unakatwa asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo kwa ajili ya ile shahada ya kwanza. Nilicho nacho ni shamba la mikorosho Tandahimba, aliloniachia marehemu mama. Mdogo wangu wa kike ndiye analiangalia, msimu ukifika anapuliza salfa, anaokota, anapeleka ghalani, fedha ikitoka tunagawana. Mnunuzi amepatikana na bei aliyotaja inamaliza ada yote.

Nilikwenda kwa mjomba. Sisi Wamakonde unajua mjomba ndiye nani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama yako hakukuachia shamba ligeuke karatasi." Hakuongeza neno. Mume wangu yeye hajakataa. Anasema, "Fanya unavyoona." Lakini nyumba yetu Mangamba imesimama kwenye linta, na najua moyoni anaona fedha ile ingeezeka. Vipindi vingi vya chuo ni usiku wa huku kwetu, naye ameshaniuliza nani atawaamsha watoto kwenda shule.

Watu wanasema mradi wa gesi wa Likong'o, Lindi, ukianza watatafutwa mameneja wa miradi, na atakayepita ni mwenye cheti. Naogopa siku hiyo inifikie nikiwa bado afisa wa mkataba wa mwaka.

Kuna jingine sijamwambia mtu. Yule kijana ana ratiba ya mradi kwenye kompyuta yake, imejaa mistari inayoshikana, mingine ya bluu, mingine myekundu. Akiusogeza mmoja, mingine yote inahama. Nikiiangalia natamani kujua anachokijua. Sitaki cheo peke yake, nataka kusoma. Nikisema hivyo nyumbani nitaonekana nataka kuuza mali ya ukoo kwa ajili ya hamu yangu.

Nishauri Shangazi. Niuze?

Afisa Mradi, Mtwara

---

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma polepole. Umeuliza neno moja, niuze, lakini ndani yake yamo mengi: kazi uliyoifanya miaka na cheo akapewa mwingine, shamba la mama, mume asiyesema analowaza, na hamu ya kusoma unayoionea aibu. Naanza na hiyo hamu, kwa sababu umeiweka mwisho kama kitu cha kuficha, na mimi sioni cha kuficha hapo.

Hebu tuitazame ile ratiba ya kijana. Chukua kisima kimoja cha shule. Kuna kupima mahali penye maji, kuchimba, kupeleka sampuli ya maji kupimwa, kujenga jukwaa la zege, kufunga pampu, kujenga uzio, kuikabidhi kamati ya maji. Pampu ikikwama bandarini wiki mbili, makabidhiano nayo yanasogea wiki mbili, hakuna namna. Uzio ukichelewa wiki mbili, huenda kisichelewe kitu, maana unaweza kujengwa huku mengine yakiendelea. Kwa kawaida ile mistari myekundu ndiyo kazi za aina ya pampu, zile ambazo ukizichelewesha umechelewesha mradi mzima. Ya bluu ina nafasi ya kupumua. Njia hii ya kupanga kazi ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya kemikali ya DuPont ikiwa miongoni mwa walioianzisha, na msingi wake haujabadilika sana tangu hapo.

Nimeieleza hivyo ili uone jambo moja. Unapompigia mkandarasi wa Mangaka ukamwambia aache uzio akafuatilie pampu, unafanya hesabu ileile kichwani. Usichokuwa nacho ni kuiandika kwa namna ambayo mfadhili anaisoma. Hilo halihitaji miaka miwili, mafunzo ya wiki chache yanatosha kukufungulia mlango huo, na mengine unayapata mtandaoni bure au kwa gharama ndogo. Sisemi kwamba MBA haina maana. Nasema tutenganishe kiu ya kuielewa ile mistari na haja ya kuwa na shahada ya uzamili, kwa sababu bei zake hazifanani.

Maana MBA yenyewe, mwanangu, ni shahada ya biashara. Ya Marekani mara nyingi inakuwa na krediti thelathini na kitu, na sehemu kubwa ni uhasibu, fedha, masoko, uchumi, mkakati na uongozi wa watu. Usimamizi wa miradi unakuja kama kozi chache juu ya hizo: ratiba na gharama, hatari za mradi, ununuzi na mikataba. Kama moyo wako uko kwenye kampuni, au siku moja uwe na kampuni yako ya ushauri, huo mchanganyiko una faida kubwa. Kama unataka kuzama kwenye miradi yenyewe, ipo shahada ya uzamili ya usimamizi wa miradi isiyo MBA, ambayo kozi zake nyingi ni za jambo hilohilo. Katika barua yako sijaona umechagua ipi kati ya njia hizi. Nimeona tu kwamba MBA ndiyo iliyokujia kwanza.

Wamekuambia sosholojia haina shida. Waulize tena, safari hii kwa barua pepe: je, kuna kozi za msingi za uhasibu, takwimu au uchumi ambazo asiyesoma biashara lazima azipitie kwanza? Vyuo vingi vinazo, na zinalipiwa. Waulize kama dola 15,000 ina ada ya teknolojia, vitabu, mitihani inayosimamiwa kwa kamera na ada ya kuhitimu. Waulize pia kama ada inaweza kupanda ukiwa katikati ya masomo. Majibu ya WhatsApp yasikutoshe. Yule mshauri wa udahili anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini kazi anayolipwa ni kujaza darasa.

Halafu kuna dola yenyewe. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa shilingi 2,300 na kitu. Kufika Oktoba 2024 ilikuwa imevuka 2,700, kisha mwisho wa mwaka huohuo ikashuka ghafla. Fanya hesabu ya ada yako: kwa 2,300 ni milioni 34 na nusu, kwa 2,700 ni milioni 40 na nusu. Milioni sita zimeongezeka bila chuo kupandisha hata senti. Ukiuza shamba leo kwa shilingi halafu ukalipa ada kwa dola kila muhula, mwendo wa dola unaubeba wewe. Ikitokea fedha ya shamba imeishia muhula wa tatu, shamba limekwenda na shahada hujaipata. Hiyo ndiyo hatari inayonisumbua kuliko zote katika mpango wako, na sijaona mahali ulipoigusa.

Sasa turudi kwenye ule usaili. Uliambiwa mfadhili anataka uzamili. Huenda ni kweli, matangazo mengi ya kazi za miradi yanataka hivyo. Lakini niruhusu nikuulize: tangazo lilisema uzamili ni lazima, au lilisema itakuwa sifa ya ziada? Kama ilikuwa lazima, wewe uliitwaje kwenye usaili? Walioandika tangazo waliiona shahada yako ya kwanza na wakakuita. Inawezekana kabisa kwamba kilichomnyanyua mwenzako kilikuwa kitu kingine, labda namna anavyoandika ripoti kwa Kiingereza, labda alishawahi kusimamia fedha ya mfadhili huyo kwa jina lake. Na inawezekana pia hukutendewa haki, ukapewa sababu iliyo rahisi kuisema. Sijui, na wewe bado hujui. Ukilipa milioni arobaini kuziba pengo ambalo siyo lililokuangusha, utarudi kwenye usaili na pengo lako. Mkiwa na uhusiano mzuri na waliokusaili, omba nusu saa ya kuambiwa ulipungukiwa wapi. Hao wanaokupigia simu mkandarasi akisuasua hawawezi kukunyima nusu saa.

Kuhusu chuo chenyewe, jambo la kwanza ni kujua kama kinatambulika kwao na kwetu. Kwa Marekani kuna baraza liitwalo CHEA lenye orodha ya wazi mtandaoni ya vyuo vilivyoidhinishwa na vyombo vinavyokubalika. Shule za biashara zina ithibati yao, yaani uthibitisho wa ubora, na iliyo kongwe kuliko zote ni ya AACSB, chombo kilichoanzishwa mwaka 1916. Taasisi ya Usimamizi wa Miradi ya Marekani, PMI, nayo ina chombo kinachothibitisha shahada za fani hii. Kwa hapa nyumbani ni Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ndiyo inayotathmini tuzo za nje. Waandikie TCU kabla ya kulipa, utaje jina la chuo, jina la shahada, na kwamba unasoma ukiwa Mtwara kwa mtandao. Kuna watu wamerudi na vyeti vya rangi nzuri, wakaomba kazi serikalini, wakakwama hapo.

Usiku wako nao tuupime. Kipindi kikiwa saa moja jioni mashariki ya Marekani, kwako Mtwara ni saa nane usiku. Novemba wakirudisha saa zao nyuma kinakuwa saa tisa. Waulize kama vipindi vinarekodiwa na kama kuhudhuria moja kwa moja kunahesabiwa alama, kwa sababu hapo ndipo tofauti yote ilipo. Kazi za kikundi ndizo hasa zinazochosha: wenzako wako Texas na Manila, kila mmoja ana saa yake, na alama ni ya wote. Kisha mitihani ya kamera inataka chumba kimya, umeme usiokatika na mtandao usiotetereka. Mei 2024 nyaya mbili za baharini zilikatika na intaneti ya nchi nzima ikayumba siku kadhaa. Mwezi huohuo Kimbunga Hidaya kilipita pwani yetu, na barabara ya Dar es Salaam ikakatika upande wa Kilwa. Chuo kina utaratibu gani mwanafunzi akipotea hewani katikati ya mtihani? Hilo nalo litakiwe kwa maandishi. Kabla ya yote, jaribu kwa wiki mbili kuamka saa nane usiku, ukae mezani na kitabu mpaka saa kumi, asubuhi uende kazini kama kawaida. Mwache mume wako aone, na wewe ujione.

Mjomba nimemsikia. Mnunuzi akiwa na fedha mkononi, neno la mjomba linaonekana kama kizuizi cha zamani, lakini mimi nalisikia pia kama swali la haki: shamba hilo ni lako peke yako? Umemtaja mdogo wako kwa sentensi moja tu. Yeye ndiye anayepuliza salfa na kuokota. Shamba likiuzwa, wewe unapata shahada, yeye anapata nini? Umemuuliza? Sheria nayo inaangalia upande huo. Kama ardhi ni ya kijiji, mauziano yanatakiwa kupita halmashauri ya kijiji, na mnunuzi mwenye akili atataka saini za wanaohusika. Ukiuza kimya halafu ndugu wakapinga, unaweza kujikuta muhula wa pili uko kwenye baraza la ardhi.

Kuna njia ya katikati, nayo ni kuitumia mikorosho bila kuiuza. Msimu wa 2024 minada ya kwanza ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo, wakati msimu uliotangulia bei ilizunguka 2,000. Mnaweza kukubaliana na mdogo wako kwamba misimu miwili sehemu kubwa ya fedha iende kwenye ada yako, na wewe umlipe baadaye kwa maandishi. Mnaweza kulikodisha shamba kwa muda. Usiitegemee bei ya mwaka mmoja kama mshahara, korosho haijawahi kuwa mshahara. Tunakumbuka 2018, wanunuzi waligomea bei, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri fedha zao kwa muda mrefu. Na mtu akikujia na fedha taslimu leo ili achukue korosho zako za msimu ujao nje ya mnada, hiyo ni kangomba, imekatazwa, na siku zote mwenye shida ndiye anayepunjwa.

Mikorosho inaweza isitoshe dola 15,000, lakini inaweza kutosha kitu kingine. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo hapo Mtwara na kingine Lindi, na kinatoa uzamili wa usimamizi wa miradi na MBA pia, ada ni ya shilingi. Kinafundisha kwa masafa tangu miaka ya tisini, na cheti chake hakuna ofisi nchini itakayouliza kimetoka wapi. Tahadhari yake ni kwamba hakuna wa kukusukuma. Kozi watu wanamaliza, kwenye utafiti ndipo wengi wanakwama miaka. Usipojipangia siku za kuandika, utakuwa mwanafunzi mpaka watoto wamalize sekondari.

Upo pia ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa kusoma uzamili kwa masafa katika vyuo vya Uingereza, na Watanzania wanaruhusiwa kuomba. Ni kwa kozi maalumu zilizochaguliwa, ushindani ni mkali, na ukikosa umesubiri mwaka. Lakini anayeshinda halipi ada, na saa za Uingereza ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili au tatu tu, hutakuwa unasoma saa nane usiku.

Kuna na cheti cha usimamizi wa miradi kiitwacho PMP, cha hao PMI. Mwenye shahada ya kwanza anatakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36 na apate saa 35 za mafunzo, kisha afanye mtihani. Miezi hiyo nadhani unayo, mradi uweze kuithibitisha kwa kazi ulizoziongoza mwenyewe. Gharama yake ni mamia ya dola, si maelfu. Ubaya wake ni kwamba mtihani ni mgumu, kila miaka mitatu unatakiwa kukihuisha, na kwa mfadhili aliyeandika kwamba anataka shahada ya uzamili, cheti hiki hakihesabiki kuwa uzamili.

Gesi ya Likong'o nimeiacha makusudi mpaka hapa. Natamani ianze kama unavyotamani. Lakini mazungumzo ya mradi ule yamekwenda na kurudi kwa miaka mingi, na pale Mtwara wapo waliojenga nyumba za wageni wakitegemea watu wa gesi, halafu vitanda vikakaa vitupu. Usipange mkondo wa maisha yako kwa tarehe ambayo hakuna aliyeitangaza. Pia jiulize upande wa asasi: mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, watu wengi wa miradi nchini walirudishwa nyumbani, wenye uzamili na wasio nao. Kama kazi za wafadhili zitapungua, meneja wa miradi atahitajika wapi? Halmashauri zinajenga madarasa na zahanati kwa force akaunti, yaani zinasimamia ujenzi zenyewe badala ya kumwachia mkandarasi, zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa mtandao uitwao NeST tangu 2023, na anayejua kuupitia bila kukwama anatafutwa. Hilo halifundishwi Marekani. Ukisoma kule utapata macho mapana, nami nayathamini sana. Ukisoma hapa utakuwa karibu na kazi iliyopo. Sijui lipi lina uzito zaidi kwako, na nisingependa nikuchagulie.

Mume wako nimemweka mwisho, ingawa pengine ungeanza naye. "Fanya unavyoona" inaweza kuwa baraka, na inaweza kuwa mtu aliyekata tamaa ya kuulizwa. Umesema unajua anachowaza moyoni, lakini hukusema kwamba amekuambia. Kaa naye siku ambayo hakuna haraka, umwoneshe hesabu yote pamoja na hiyo ya dola, kisha umwambie lile uliloniambia mimi, kwamba unataka kusoma. Yeye ni mwalimu. Huenda ndiye mtu wa kwanza hapo nyumbani atakayelielewa. Na akisema nyumba iezekwe kwanza, utakuwa umesikia neno lake mwenyewe, siyo la kumdhania.

Ile tarehe ya mwezi ujao isikukoseshe usingizi. Mwandikie leo ofisi ya udahili, siyo yule wa WhatsApp, uombe nafasi yako isogezwe mpaka muhula unaofuata. Vyuo vingi vinakubali. Uliza kama punguzo litabaki, na uwatumie pamoja na hayo maswali yote ya kozi za msingi, ada na mitihani. Wakikujibu vizuri na kwa uwazi utakuwa umejifunza jambo kuhusu chuo hicho, na wakikujibu kwa kukuharakisha pia utakuwa umejifunza. Wakati ukisubiri, nenda Tandahimba. Safari hii anza kwa mdogo wako, kisha mwende wawili kwa mjomba. Niandikie tena mkishazungumza, na uniambie pia walichokujibu waliokusaili.

Shangazi